Lori Linalokula Maji

Kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya si ajabu kuona Fuso au Scania kuukuu limefungiwa madumu ya maji nyuma ya kebini. Kila likisimama, utingo anashuka na dumu, anaongeza lita mbili tatu, safari inaendelea. Mwenye mali akiuliza, anajibiwa kwamba lori ni zima, ila linakula maji kidogo. Makala haya ni ya huyo mwenye mali, pamoja na dereva wake. Mfumo wa kupoza injini umefungwa pande zote, na maji yaliyotiwa leo yanatakiwa yawemo mwezi ujao. Yakipungua, yametoka mahali, na mahali hapo hapakosi dalili. Kuongeza maji kila kituo hakutengenezi kitu, na fundi anayeshika spana kabla hajajua maji yanapita wapi anakubahatishia kwa pesa yako.

Wengi huahirisha kwa sababu tone moja moja halitishi. Tatizo haliko kwenye tone. Mfuniko wa rejeta umetengenezwa uzuie mgandamizo, na juu yake pameandikwa namba, kwa mfano 0.9 au 1.1. Kwa mgandamizo wa 0.9, maji ambayo pale Dar es Salaam yangechemka kwenye nyuzi 100 hufika kama 118 ndipo yachemke. Tundu dogo tu, hata lisilomwaga kitu cha kuonekana, linaondoa kinga hiyo. Sasa lipeleke lori hilo mlima Kitonga, kabla ya Iringa. Limepakia, linapanda kwa gia ndogo, mwendo ni wa mguu, upepo wa mbele haupo, feni iko peke yake. Isitoshe unakwenda juu: Iringa iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko maji yasiyo na mgandamizo huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Lori ambalo Chalinze lilikuwa halina shida, Kitonga linachemsha. Dereva atalaumu mlima, kumbe hozi ilikuwa inalia tangu wiki iliyopita.

Geji nayo isikulaghai. Kihisio cha joto kinapima maji yanayokigusa. Maji yakiisha, kihisio kinabaki kwenye hewa na mvuke, na mshale unaweza kushuka wakati huohuo hedi inaungua. Dereva mwenye uzoefu akiona mshale umepanda, kisha umeanguka ghafla bila sababu, anazima injini palepale. Kama maji bado yamo na injini imezidiwa tu na mlima, afadhali kusimama pembeni na kuiacha iungurume polepole bila mzigo, pampu na feni ziendelee kuipoza. Lakini kama hozi imepasuka na maji yamemwagika, zima mara moja. Kila dakika ya kuunguruma bila maji inaongeza gharama.

Mfuniko usiguswe injini ikiwa ya moto. Maji yaliyofungiwa ndani yakiwa na nyuzi zaidi ya 100 hugeuka mvuke mara tu ukifungua, na mvuke huo humenya uso na mikono. Subiri mpaka hozi ya juu ya rejeta uweze kuishika na kuiminya bila kuungua, nayo iwe laini. Kwa injini kubwa nusu saa haitoshi, afadhali saa nzima au zaidi. Kisha funika mfuniko kwa kitambaa kinene, uzungushe hadi kituo cha kwanza tu, uache ufoke mpaka unyamaze, ndipo uufungue wote. Maji ya baridi nayo yasimwagwe kwenye injini iliyochemka. Hedi ya chuma cha kuyeyushwa hupasuka, na ufa mwingine huwezi kuuona kwa macho. Ikipoa, ndipo utie kidogo kidogo, injini ikiunguruma.

Wakati mzuri wa kutafuta uvujaji ni alfajiri, lori likiwa limelala mahali pa tambarare na injini haijawashwa. Jana yake jioni, osha injini na rejeta, ikauke, kisha tandaza boksi la karatasi chini yake. Asubuhi boksi litakuonyesha upande. Usiamini tone kwamba limedondoka moja kwa moja kutoka linakovujia: injini ikifanya kazi, feni hupeperusha maji nyuma, na maji hufuata bomba au waya hadi mahali pa chini kabisa. Shika tochi, anza kwenye tone, panda juu mpaka ufike mahali ambapo juu yake ni pakavu.

Maji yaliyokauka yanaacha alama. Kulanti, yaani dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta, huacha utando wa rangi yake, kijani au nyekundu, na kingo nyeupe kama chumvi. Maji matupu huacha michirizi ya kutu. Hiyo ni sababu moja ya kununua kulanti ambayo wauzaji hawaitaji: uvujaji wake unaonekana. Uvujaji una saa zake pia. Kiungo cha hozi kilicholegea huweza kuvuja usiku wa baridi, chuma na mpira vikiwa vimesinyaa, halafu kikajifunga injini ikipata moto. Ufa wa rejeta hufanya kinyume, hufunguka mgandamizo ukipanda. Ndiyo maana mwenye lori anasema linavuja, fundi anasema halivuji, na wote wawili wanasema kweli kwa saa walizotazama.

Ubishi huo unamalizwa na pampu ya kupimia mgandamizo. Ni pampu ya mkono yenye geji, inafungwa mahali pa mfuniko wa rejeta. Unajaza maji, unapampu hadi namba iliyoandikwa kwenye mfuniko na si zaidi, unasubiri kama robo saa. Geji ikishuka, kuna njia. Zunguka na tochi, sasa maji yatajitokeza injini ikiwa baridi na feni imesimama. Gereji nyingi za mtaani hazina pampu hiyo, na baadhi ya mafundi hujitengenezea kwa kutoboa mfuniko wa zamani, kuuwekea valvu ya tairi na kutumia pampu ya baiskeli yenye geji. Inafaa. Kisichofaa ni kuunganisha mpira wa kompresa ya kujazia matairi moja kwa moja: kompresa hiyo ina nguvu mara nane au zaidi ya rejeta, na rejeta iliyokuwa na tundu moja itapasuka mishono.

Anza na vya nje, kwa kuwa ni rahisi na ndivyo vinavyoharibika mara nyingi. Mfuniko wenyewe kwanza. Mpira wake wa chini ukikauka au kupasuka, maji hutoka kwa njia ya mpira wa tenki la akiba na kumwagika barabarani bila kuacha tone kwenye maegesho. Mfuniko una valvu mbili, moja ya kutoa na moja ya kurudisha maji injini ikipoa. Ukikuta asubuhi hozi ya juu imenywea na kubanana, ile ya kurudisha imekwama. Badilisha mfuniko, na namba iwe ileile ya zamani. Kuweka wa namba kubwa ili lori lisichemshe ni kuhamisha tatizo kulipeleka kwenye hozi.

Hozi ziminywe kwa mkono zikiwa baridi. Iliyo nzima ni ngumu kiasi na hurudi. Mbovu hubonyea kama mkate, au inatoa mlio wa kukatika ndani. Tazama hasa zile ndogo za nyuma ya injini, zisizofikika bila kuinua kebini, na ukiinua hakikisha kizuizi chake kimeshika kabla hujaingiza kichwa. Malori mengi yaliyokuja kutoka Ulaya na Japani yalikuja na hita ya kebini, na huku fundi fulani akaikata na kuunganisha njia mbili kwa kipande cha bomba la maji na waya. Kiungo hicho cha kienyeji kitazame kabla ya kingine chochote. Kama hita bado ipo, zulia lenye unyevu miguuni na kioo kinachofanya ukungu wenye harufu tamu ni dalili kuwa yenyewe ndiyo inayovuja.

Pampu ya maji ina tundu dogo chini ya shingo yake. Si kasoro, limewekwa makusudi: sili ya ndani ikichoka, maji yatokee hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Unyevu kidogo unavumilika, lakini mchirizi unaofika chini maana yake pampu imekwisha. Nimeona pampu zilizozibwa tundu hilo kwa gundi ya chuma. Aliyeziba alimpa mwenye lori wiki chache za furaha, kisha beringi ikaingiwa na maji, feni ikayumba na kuchana rejeta. Shika pangaboi la feni injini ikiwa imezimwa, ulitikise mbele na nyuma. Likicheza, pampu au kiungo cha feni kinataka kubadilishwa kabla hakijakuharibia vingine. Vizibo vya bati ubavuni mwa bloku navyo vimulikwe kwa tochi, maana maji matupu huvila kutokea ndani.

Ukishazunguka nje yote na mgandamizo bado unashuka, maji yanaingia ndani. Hapa ndipo mwenye lori anapoambiwa gasketi ya hedi imekufa, injini ishushwe. Mwombe fundi apunguze kasi. Dalili anazozisema ni za kweli: rejeta inatoa mapovu tangu injini ikiwashwa ikiwa baridi, hozi ya juu inakakamaa ndani ya dakika moja mbili kabla maji hayajapata moto, maji yanatemwa. Ila dalili hizohizo zinaweza kutoka mahali pengine ambapo watu husahau, nako ni kompresa ya upepo wa breki.

Kwenye malori mengi kompresa hiyo hupozwa na maji yaleyale ya injini, kupitia mabomba mawili madogo, nayo ina hedi yake na gasketi yake. Gasketi hiyo ikipasuka, upepo wa zaidi ya mara saba ya mgandamizo wa rejeta unasukumwa kwenye maji, rejeta inafanya mapovu na kutema kama ilivyo kwa injini iliyoungua gasketi. Kuna watu wamelipia hedi ya injini kushushwa, kuchongwa na kurudishwa, mapovu yakabaki palepale. Kupima hakuhitaji kifaa. Zuia magurudumu kwa mawe, washa injini mfuniko ukiwa wazi tangu ikiwa baridi, tazama mapovu. Matenki ya upepo yakijaa, kompresa hupumzika. Kama mapovu yanapungua hapo, na yanarudi ukikanyaga breki mara nyingi hadi upepo ushuke na kompresa ianze tena, mshitakiwa unaye. Kwa uhakika zaidi, chomoa mabomba yake mawili ya maji, unganisha njia ya injini kwa kipande cha hozi, washa kwa dakika chache tu. Mapovu yakikoma, hedi ya injini iache. Fungua pia koki za matenki ya upepo: unyevu kidogo ni kawaida, lakini maji yenye rangi ya kulanti hayakuja na hewa.

Kama kompresa ni nzima, sasa rudi kwenye injini. Chomoa kijiti cha oili, fungua mfuniko wa kutilia oili: uji mweupe wa maziwa ni maji yaliyochanganyika. Oili ndani ya rejeta, utando mweusi unaoteleza juu ya maji, mara nyingi hutoka kwenye kipoza oili, kwa kuwa injini ikiwaka mgandamizo wa oili ni mkubwa kuliko wa maji, na njia ikifunguka oili ndiyo inayohamia. Ikizimwa ikiwa ya moto, mambo hugeuka, maji yakasukumwa kwenye oili. Basi kuona vyote viwili kuchanganyika hakumaanishi hedi moja kwa moja. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu, usioisha injini ikipata moto, ndio unaoelekeza kwenye silinda.

Jambo moja la hatari. Maji yanayovujia kwenye silinda hujikusanya usiku. Asubuhi stata inagonga na injini inagoma kuzunguka, na dereva mwenye haraka anaomba lori lisukumwe au livutwe. Maji hayagandamiziki, konrodi itapinda. Ikigoma namna hiyo baada ya kupoteza maji, ng'oa nozeli zote, zungusha injini kwa mkono, yatoke.

Injini zenye slivu zinazooga maji moja kwa moja, kama za Scania, zina njia nyingine mbili. Chini ya kila slivu kuna oringi zinazotenga maji na oili. Zikichoka, maji hushuka kwenye sampu bila hedi kuhusika. Njia ya kujua ni kumwaga oili, kushusha sampu, kupampu mgandamizo kwenye rejeta na kulala chini na tochi, wakati mwingine usiku kucha, kuona tone linatoka silinda ya ngapi. Ya pili ni matundu kwenye slivu yenyewe. Kila mlipuko hutikisa ukuta wa slivu, viputo vya mvuke hujitengeneza upande wa maji na kupasukia juu ya chuma, mara nyingi mno kwa dakika, hadi chuma kinachimbika kama kilichotobolewa na sindano. Kulanti ya injini za dizeli ina dawa inayoweka utando wa kuzuia hilo. Maji ya bombani hayana. Faraja ya mwenye Scania 124 ya injini ya lita 12 ni kwamba kila silinda ina hedi yake, kwa hiyo gasketi moja ikiungua si lazima kuinua sita. Kwa lori lenye hedi moja ndefu, ikishashushwa ipimwe unyoofu kwa rula ya chuma na ichunguzwe nyufa karakana ya mashine kabla ya kununua gasketi mpya, boliti zikazwe kwa spana yenye kipimo na kwa mpangilio wa kitabu cha injini hiyo. Fundi anayekaza hedi kwa kuhisi mkono mtafutie kazi nyingine.

Marekebisho ya nje hayana makubwa. Hozi iliyopasuka mwishoni inakatwa na kurudishwa kama urefu unatosha. Iliyopasuka katikati inabadilishwa. Porini unaweza kuifunga kwa ukanda wa mpira wa tyubu, uvutwe kwa nguvu na kupandiana, na waya juu yake, kisha uende polepole hadi mji unaofuata. Rejeta za zamani za shaba zinachomelewa kwa risasi na fundi rejeta mzuri, ila mwulize ameziba mirija mingapi, kwa sababu kila mrija uliozibwa umepunguza upoaji. Za alumini zenye vichwa vya plastiki haziponi kwa risasi. Yai bichi, unga, binzari, dawa za kuziba za kopo: ukishindwa kabisa na uko mbali, sawa, zikufikishe. Baada ya hapo safisha mfumo wote, maana kinachoziba tundu kinaziba pia mirija ya rejeta na kipoza oili.

Na thamostati irudishwe. Karibu kila lori kuukuu ninalolifungua halina, iliondolewa kwa hoja kwamba nchi zetu ni za joto. Kwenye injini nyingi thamostati ikifunguka hufunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ikiondolewa, njia hiyo inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji haipozwi kabisa. Mlimani lori linachemsha zaidi. Tambarare nako injini haifiki joto lake, inakula dizeli na kuchakaa. Kuipima ni kazi ya jikoni: itundike kwa uzi kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto, pasha, uone kama inafunguka karibu na namba iliyogongwa juu yake.

Ukijaza upya, tumia maji yaliyosafishwa na kulanti ya dizeli, nusu kwa nusu au kama kopo linavyoelekeza. Maji ya visima vya Dodoma na Singida yana chumvi nyingi, hujenga ganda kwenye kuta za injini na kuharibu chuma. Ukikosa yaliyosafishwa, maji ya mvua yaliyokingwa vizuri baada ya bati kuoshwa ni bora kuliko ya kisima. Usiende dukani kuomba maji ya betri bila kusoma chupa, kuna wanaouza asidi kwa jina hilo. Usichanganye kulanti mbili kwa kuwa tu rangi zinafanana, kila kampuni hutia yake rangi inavyotaka. Egesha lori pua ikiwa juu, fungua hita na skrubu za kutolea hewa, jaza taratibu, washa mfuniko ukiwa wazi na uminye hozi ya juu mara kwa mara hadi mapovu yaishe. Weka alama ya rangi kwenye tenki la akiba, na dereva aitazame kila alfajiri, injini ikiwa baridi, kwa safari zote za wiki mbili za kwanza. Klipu mpya za hozi zikazwe tena baada ya safari ya kwanza, mpira huwa umejipanga upya.

Kulanti uliyoimwaga isiachwe kwenye karai uani. Ina ladha tamu, na mbwa, mbuzi au mtoto akiilamba figo zinaharibika. Aliyeinywa apelekwe hospitali upesi hata kama anaonekana mzima. Itie kwenye dumu lenye kizibo, uliandike sumu, uliweke mbali na madumu ya maji ya kunywa ya utingo.